Nakala ipo, data haipo: Miezi saba iliyopotelea kwenye flashi Rusumo

Na Mwandishi Wetu wa Kanda, Rusumo

Malori yalikuwa yamepanga foleni kuteremka kuelekea daraja la Mto Kagera, nami nilikuwa nimefika Rusumo kuandika habari za malori hayo. Habari niliyorudi nayo ni nyingine. Niliingia kwenye ofisi moja ya uwakala wa forodha, upande wa Tanzania, kuomba mahali pa kuchaji simu. Nikakuta watu wanne wameizunguka kompyuta iliyofunguliwa ubavu, kimya kama watu walio msibani.

Kompyuta hiyo ndiyo iliyokuwa seva ya ofisi. Usiku wa kuamkia siku hiyo ilikuwa imezimika, na asubuhi ilipowashwa diski yake ilitoa sauti ya kukwaruza tu. Ofisi hiyo siitaji jina, kwa sababu mama mwenye ofisi alinikubalia niandike yote mradi wateja wake wasimtambue. Nitaeleza mbele kwa nini ombi hilo lina maana.

Kwa asiyejua kazi za mpakani, huenda likazuka swali: wakala wa forodha anapoteza nini kompyuta ikifa, wakati hati zenyewe ziko kwenye mifumo ya mamlaka za mapato? Ni kweli ziko huko. Tangu Himaya Moja ya Forodha ianze kufanya kazi, mzigo wa Kigali au Bujumbura hutolewa hati na kulipiwa ushuru kabla haujaondoka bandarini Dar es Salaam, na kumbukumbu zake zimo serikalini. Lakini serikali haitunzi daftari la madeni la wakala. Nani alilipiwa gharama za bandari kwa ahadi ya kurudisha mwisho wa mwezi, nani ametanguliza dola 500, nani ana makontena mawili njiani na amelipia moja. Hayo yote yalikuwa kwenye kanzidata ya ofisi, na wateja wenyewe wako Kigali, Bukavu, Goma na Kariakoo. Biashara ya mipakani kwetu huendeshwa kwa kuaminiana, na kuaminiana huko kumeandikwa mahali fulani.

"Bakapu ipo," alisema dada mhasibu, akanyanyua flashi mbili zilizofungwa kamba, moja nyekundu na moja ya bluu. Kila Ijumaa alizibadilisha: moja anaichomeka, nyingine anaenda nayo nyumbani. Alifanya hivyo bila kukosa. Kila mtu mle ndani akapumua.

Makosa mawili yenye kelele

Fundi alifika jioni kwa basi kutoka Kahama, kijana mwenye begi la mgongoni na kompyuta mpakato yake mwenyewe. Mpango wake ulikuwa rahisi: achukue nakala kwenye flashi, airejeshe kwenye mpakato wake, ofisi ifanye kazi kesho wakati seva mpya inatafutwa.

Jaribio la kwanza lilikataliwa kwa kosa namba 5, ambalo maana yake ni kunyimwa ruhusa. Mama mwenye ofisi alishangaa: faili ni lake, kompyuta ni ya fundi, nani tena anayenyima ruhusa? Swali lake ndilo linalowasumbua watu wengi. Programu ya kanzidata, ambayo kwenye ofisi hiyo ni SQL Server ya Microsoft, haifanyi kazi kwa jina la mtu aliyekaa mbele ya kompyuta. Ina akaunti yake yenyewe, kama mlinzi wa ghala aliyeajiriwa na kampuni nyingine. Wewe unaweza kulifungua faili, ukalinakili, hata ukalifuta, na bado programu ikashindwa kulisoma kwa sababu limekaa kwenye folda yako binafsi. Ni kwa sababu hiyohiyo watu huelekeza nakala zao kwenye diski ya mtandao wanayoiona vizuri kabisa, kisha programu inadai diski hiyo haipo. Kwake haipo kweli. Fundi alihamishia faili kwenye folda ya nakala ya programu yenyewe, na kosa likaisha ndani ya dakika mbili.

Likaja la pili, namba 3169. Nakala ilikuwa imetengenezwa na toleo la 2019, mpakato ulikuwa na toleo la 2014. Nakala za programu hii hurejeshwa kwenye toleo lilelile au jipya zaidi, kamwe si la zamani, na hakuna ujanja wa kulikwepa sharti hilo. Fundi akapakua toleo la 2019, lile la bure, kwa bando la simu. Mtandao wa Rusumo usiku ule ulikuwa wa kusuasua, simu ikishika mnara wa Rwanda mara, wa Tanzania mara. Ilichukua karibu saa tatu. Tulikula chipsi mayai tukisubiri.

Saa nne na nusu usiku kanzidata ilirejea. Programu iliandika kwamba kazi imekamilika kwa mafanikio, hakuna kosa hata moja. Mama mwenye ofisi alimshika fundi mkono kwa mikono miwili.

Dada mhasibu akakaa, akafungua orodha ya ankara, akateremka hadi chini.

"Kaka, hii ankara ya mwisho ni ya mwezi wa tatu."

Tulikuwa mwezi wa kumi.

Herufi iliyoibwa na printa

Walijaribu flashi ya bluu. Nayo ilikuwa ya mwezi wa tatu, wiki moja nyuma ya nyekundu. Fundi alikiri kwamba hakuangalia tarehe ya faili. Aliona jina sahihi, akaona ukubwa unaoelekea, akaendelea. Sikumlaumu. Watu wanne walikuwa wamemsimamia kichwani.

Chanzo alikipata siku iliyofuata kwa kuuliza maswali, maana seva yenyewe ilikuwa imekufa. Kila usiku saa nane programu ilitengeneza nakala na kuiweka kwenye diski ya ndani, diski ileile iliyobeba kanzidata. Hatua hiyo haikuwahi kushindwa, ndiyo maana kila asubuhi ilionekana alama ya kijani. Kisha kifaili kidogo cha amri, kilichoandikwa miaka kadhaa nyuma na fundi mwingine, kilinakili faili lile kwenda kwenye flashi, ambayo kompyuta iliijua kwa herufi E.

Mwezi wa tatu ofisi ilinunua printa mpya yenye tundu la kusomea kadi za kumbukumbu. Printa ilipochomekwa, kompyuta ililipa tundu lile herufi E. Flashi ikasogezwa kuwa F. Kuanzia usiku ule amri ya kunakili ilikwenda kugonga kwenye tundu tupu la printa, ikakosa mahali pa kuandika, ikanyamaza. Hakuna aliyeiagiza impigie mtu kelele ikishindwa. Risiti ya printa ilipatikana kwenye faili la matumizi: ilikuwa na tarehe ya siku moja baada ya ankara ya mwisho iliyookolewa.

Kwa miezi saba dada yule alibadilisha flashi kila Ijumaa, taa ikiwaka kila alipoichomeka.

Wakubwa nao

Rahisi kusema hayo ni mambo ya ofisi ndogo yenye seva chini ya meza. Nilidhani hivyo pia, hadi fundi aliponisimulia kisa cha GitLab. Hiyo ni huduma ambayo waandishi wa programu duniani kote huitumia kuhifadhi kazi zao. Nilikisoma baadaye kwa urefu, kwa sababu kampuni yenyewe ilikianika chote hadharani, jambo ambalo kampuni chache zingethubutu.

Ilikuwa tarehe 31 Januari 2017. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki ilikuwa inakaribia saa nane usiku. Mhandisi mmoja, aliyekuwa amechelewa kazini, alikuwa anahangaika na seva ya pili ya kanzidata iliyokuwa imebaki nyuma ya seva kuu. Akaamua kufuta folda ya data kwenye seva hiyo ya pili ili aanze upya. Amri aliiandika kwenye dirisha la seva kuu. Sekunde moja au mbili baadaye akagundua, akaikatisha. Kati ya takriban gigabaiti 300 zilikuwa zimebaki 4.5.

Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za kujilinda, na hapo ndipo kisa kinapofanana na cha Rusumo. Nakala kamili ilitakiwa kupelekwa kila siku kwenye ghala la mtandaoni la Amazon. Walipofungua ghala, lilikuwa tupu. Kanzidata yao ilikuwa PostgreSQL toleo la 9.6, lakini kifaa cha kutengeneza nakala kilichokuwa kinaitwa ni cha toleo la 9.2, na kila kilipokuta toleo lisilolingana kiliacha kazi. Kiliacha na kutuma barua pepe ya kueleza kosa. Barua hizo hazikuwa na saini iliyotakiwa, kwa hiyo seva ya barua ilizikataa. Hakuna aliyezisoma kwa sababu hazikuwahi kufika. Picha za diski za huduma ya Azure zilikuwa zimewashwa kwa seva za mafaili, siyo kwa seva za kanzidata.

Kilichowaokoa ni bahati. Saa sita kabla ya ajali, mhandisi yuleyule alikuwa amechukua picha ya kanzidata kwa mkono, kwa ajili ya majaribio mengine kabisa. Walirejesha kutoka hapo. Diski zilikokuwa zimehifadhiwa picha hizo zilikuwa za mwendo wa polepole, na kunakili tu kukala sehemu kubwa ya saa 18 za kurejesha, watu takriban 5,000 wakitazama mubashara kwenye YouTube. Data za takriban saa sita hazikurudi: kwa makadirio ya kampuni yenyewe, miradi 5,000, maoni 5,000 na akaunti mpya 700 hivi.

Nilipomaliza kusoma nilimfikiria yule dada na flashi zake. Wahandisi wa kampuni ya kimataifa na mhasibu wa Rusumo walikuwa wameketi kwenye kiti kimoja: kitu kilishindwa kila usiku, na ujumbe wa kushindwa ukaenda mahali pasipo na mtu.

Kosa linalokulinda

Makosa yanayotokea kwenye skrini mtu akiwa anarejesha data huogopwa, lakini mengi yana heri ndani yake. Namba 3101, kwa mfano, husema kanzidata inatumika na mtu mwingine, kwa hiyo haiwezi kufunikwa. Mafundi wengi huikasirikia na kuwatoa watumiaji wote kwa nguvu. Ningewaomba wavute pumzi kwanza. Kosa hilo mara nyingine ndilo pekee lililosimama kati yako na kuifunika data ya leo kwa data ya mwezi wa tatu. Kurejesha kwa jina jingine, pembeni ya kanzidata hai, hakugharimu chochote zaidi ya nafasi ya diski.

Namba 3241 ni baya zaidi: linasema faili halieleweki muundo wake. Mara nyingi faili lilikatika njiani, flashi ikachomolewa kabla ya kunakili kuisha, au mtu ameliburuta juu ya mtandao uliokatika. Hapo hakuna dawa zaidi ya kwenda kwenye nakala ya kabla yake, kama ipo. SQL Server ina amri ya kukagua kama faili linasomeka, na ni vizuri kuitumia, ila haijui kama ankara zilizomo ni za jana au za mwaka juzi. Ingeipa nakala ya Rusumo alama zote.

Liko na kosa la kanda yetu hasa, nalo halina namba. Ofisi ya Bujumbura au Bukavu huandika majina ya kampuni kwa Kifaransa, yenye herufi za alama juu. Data hiyo ikitolewa kwa mpangilio mmoja wa herufi na kurejeshwa kwa mwingine, "Société" hugeuka kuwa "SociÃ©tÃ©". Hakuna onyo. Mteja mmoja anakuwa wawili kwenye orodha, wa zamani mwenye deni na mpya asiye na deni. Nimeona ankara zilizochapishwa hivyo zikipita mpakani, na afisa akizitazama kama noti bandia.

Flashi ikivuka daraja

Ushauri wa kwanza ambao kila mtu alimpa mama mwenye ofisi ulikuwa kuhamia kwenye wingu. Ni ushauri mzuri nusu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom ziliharibika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda kwa wakati mmoja. Mwenye nakala yake pekee Ulaya, siku kama ile anaijua ilipo na hana namna ya kuifikia. Nakala ya mbali inahitaji mwenzake wa karibu.

Kukaa na kila kitu sehemu moja nako kuna mfano wake, tena wa nchi inayosifika kwa teknolojia. Tarehe 26 Septemba 2025 moto wa betri ulizuka kwenye kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon. Mifumo 709 iliathirika. Hifadhi ya mafaili ya watumishi wa umma, yenye terabaiti 858, iliteketea. Haikuwa na nakala nje ya kituo, kwa maelezo kwamba ilikuwa kubwa mno kunakiliwa.

Kwa wakala wa mpakani kuna jambo la tatu, nalo halizungumzwi. Kenya na Uganda zina sheria za kulinda data binafsi tangu 2019, Rwanda ilipitisha yake 2021, na ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria ya Rwanda inataka data binafsi zitunzwe ndani ya nchi, isipokuwa mtunzaji ana cheti kinachomruhusu kuzitunza nje. Ile ya Tanzania nayo ina masharti ya kusafirisha data nje. Sasa mwenye ofisi pande zote mbili za daraja akitia flashi ya madeni kwenye mkoba na kuvuka nayo kwenda kulala Kirehe, je, hajasafirisha data? Niliwauliza mawakala watatu. Wawili walicheka. Wa tatu aliutazama mkoba wake.

Jumuiya imejitahidi kuunganisha ushuru, vituo vya mpakani na hata vifaa vya kufuatilia mizigo njiani. Kwa maoni yangu, swali la wapi nakala ya kumbukumbu za mfanyabiashara mdogo inaruhusiwa kulala lingefaa kupewa nafasi kwenye vikao hivyohivyo, kabla mtu hajatozwa faini kwa kuwa mwangalifu.

Kwa simu na penseli

Diski iliyokwaruza ilipelekwa kwa wataalamu wa kuokoa data, ikarudi vilevile. Miezi saba ikabidi ijengwe upya kwa mkono. Walianza na nakala za karatasi za ankara, zilizokuwepo kwa kiasi. Kisha hati zilizomo kwenye mifumo ya forodha, ambazo zilionyesha mizigo yote iliyopita lakini hazikusema nani bado anadaiwa. Yaliyobaki yalikuwa simu.

Hapo ndipo mama alipokuwa na hofu ya kutambuliwa. Ukimpigia mdaiwa kumuuliza anadaiwa kiasi gani, umeshamwambia kwamba hujui. Kwa hiyo waliomba "kulinganisha hesabu za mwisho wa mwaka", wakasubiri upande wa pili utaje namba kwanza. Mfanyabiashara mmoja wa Bukavu alituma kwa WhatsApp picha za kurasa kumi na moja za daftari lake, mwandiko mdogo wa kalamu ya bluu, na deni alilolionyesha lilikuwa kubwa kuliko mhasibu alivyokumbuka. Mwingine, wa karibu zaidi na aliyekuwa akinywa chai pale ofisini, alisema amelipa yote taslimu na risiti imepotea.

Nilipita tena Rusumo miezi minne baadaye. Seva mpya iko juu ya kabati. Flashi zimepewa herufi Z, mbali na mahali ambapo printa yoyote ingefika, na nakala ya tatu huenda mtandaoni usiku. Ujumbe wa simu humfikia mhasibu kila asubuhi kazi ikifanyika, na ameelezwa kwamba asubuhi isiyo na ujumbe ndiyo ya kuogopa. Jumamosi ya kwanza ya mwezi hufungua mpakato wa zamani, hurejesha nakala kwa jina jingine, kisha mama humtajia kutoka kwenye kitabu cha karatasi namba ya ankara ya mwisho ya Ijumaa, kiasi chake na jina la mteja. Yasipolingana, hakuna anayeondoka. Siku niliyokuwepo ilichukua dakika 38.

Kwenye ukuta nyuma yake kuna karatasi ya madeni ya miezi ile saba. Mengi yamepigwa mstari. Matatu bado yana alama ya kuuliza kwa penseli, na moja ni la yule wa chai.